Kuomba Zaburi ya 46 nyumbani, Goma inapotikisika

Zaburi hii ni ya watu ambao ardhi yenyewe imewageuka: milima inatetemeka, maji yanaumuka, falme zinayumba. Aliyekuwa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002 au 22 Mei 2021, au vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, hahitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo familia ishike zaburi hii moja kwa siku saba, isirukeruke kila jioni kwenye andiko jipya.

Chagueni saa ambayo wote wako ndani. Nyumba nyingi ni baada ya kula, watoto kabla hawajasinzia. Dakika 20 zinatosha. Simu zizimwe. Habari ya WhatsApp ikiingia katikati, maombi yanageuka kikao cha uvumi, na hapo hamtarudi tena.

Gawanyeni wasomaji watatu: aya 1–3, 4–7, 8–11. Mwenye Biblia ya Kifaransa ya Segond atakuta aya 12, maana kule kichwa cha zaburi kinahesabiwa kuwa aya ya kwanza. Mpatane mapema. Kila sehemu inaishia kwenye neno la Kiebrania sela, ambalo wengi hulichukua kama mahali pa kutua. Basi tueni dakika moja nzima, hata kama watoto watacheka siku ya kwanza.

Baada ya sehemu ya kwanza, kila mtu ataje hofu yake kwa sentensi moja, na aitaje waziwazi: kodi ya nyumba, ndugu aliyebaki Masisi, kazi iliyosimama. Kosa la wazazi ni kumkatiza mtoto kwa "usiogope, uwe na imani". Zaburi inasema "hatutaogopa" na papo hapo inaitaja milima inayotetemeka. Mtoto aliyenyamazishwa atabaki na hofu yake, ila ataificha.

Sehemu ya pili inaongea juu ya mto unaoufurahisha mji wa Mungu, na hapa msiharakishe. Yerusalemu haina mto! Ina chemchemi ya Gihoni, na mfalme Hezekia aliyaingiza maji mjini kwa mfereji (2 Wafalme 20:20). Goma nayo haina mto. Mvua inazama katika mawe ya lava, na maji yetu ni ya ziwa. Ulizeni: leo neema ilitufikia kupitia nani? Jirani aliyetuazima bidoni ya maji, mama aliyetukopesha makala ya kupikia. Watajeni kwa majina, mshukuru.

Sehemu ya tatu ndiyo inayopotoshwa zaidi. "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu" inafuata upinde uliovunjwa na mkuki uliokatwa. Inawaambia wanaopigana washushe mikono. Haimwambii mama wa nyumba akae bila kujiandaa. Kadi ya mpiga kura, diplomu za watoto na dawa za mgonjwa ziwe kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Tarehe 27 Mei 2021 wakaaji wa mitaa kumi ya Goma waliamriwa kuhama kwa hofu ya mlima, na kuhama siku kama hiyo si kukosa imani.

Akija mtu na tarehe ya mlima kulipuka, kisha anaomba sadaka ya ulinzi, msimpe pesa wala msisambaze sauti yake. Habari za mlima zinatolewa na OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano. Unabii nao una kipimo chake: neno lisipotimia, halikutoka kwa BWANA (Kumbukumbu la Torati 18:22).

Aya ya 7 na ya 11 ni maneno yaleyale: "BWANA wa majeshi yu pamoja nasi, Mungu wa Yakobo ni ngome yetu." Mfundisheni hata mtoto asiyejua kusoma, siku tatu atakuwa ameyashika. Usiku wa risasi, mkiwa mmelala sakafuni bila taa, hakuna atakayefungua Biblia, na hayo ndiyo mtakayoyasema.

Aliyebaki peke yake nyumbani asiombe zaburi hii kimyakimya kila siku. Imeandikwa "nasi". Atafute shirika la mtaa wake, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo, au kikundi cha maombi cha avenyu, hata mara moja kwa juma, na aombe apewe aya za kusoma.