Mtu wako ameumia ubongo na anarudi nyumbani: fanya haya

Mume wangu aliruhusiwa hospitali wiki ya sita baada ya ajali ya bodaboda, njia ya Mwanga kuja Ujiji, hapa Kigoma. Hakuwa na kofia. Siku alipofikishwa, kipimo cha fahamu, kile kinachoanzia 3 hadi 15, kilikuwa 6. Kuanzia 8 kushuka huhesabiwa jeraha kubwa. Tulipotoka nilipewa dawa na tarehe ya kliniki. Jinsi ya kuishi naye sikuelezwa. Kama wewe unamleta wako wiki hii, nakuandikia wewe.

Anza na wageni, hata kabla ya kitanda. Tulirudi wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwepo. Kila aliyeingia alimwinamia usoni: "Baba Zuhura, mimi nani? Hunikumbuki?" Ilipofika saa kumi jioni alikuwa ameziba masikio kwa viganja, na mgeni wa mwisho alipomtikisa bega, akarusha kikombe cha chai ukutani. Shemeji yangu akasema ana jini, atafutwe mtu wa kumsomea. Dua tulimwombea na tunamwombea mpaka leo, lakini jini hana. Ubongo ulioumia huchoshwa upesi na kelele, mwanga na maswali. Ukishachoka, hasira inatoka bila breki, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo inayotuzuia sisi wengine ndiyo mara nyingi imeumia.

Kesho yake nilitandika mkeka wa wageni nje barazani. Wakawa wanaingia wawili wawili, dakika kumi, redio imezimwa. Na nikamwomba kila mmoja ajitaje mwenyewe: "Kaka, mimi Hamisi, tulikuwa tunavua mtumbwi mmoja." Wapo walionuna. Waache wanune, wataelewa baadaye.

Ya pili ni daftari. Mume wangu aliuliza kama mtumbwi umerudi, nikamjibu. Kabla sijafika jikoni akauliza tena. Siku moja nilihesabu mara kumi na tisa. Usimwambie "si nimekwambia sasa hivi", maana kwake hilo ni jipya na unamtia aibu bure. Nilinunua daftari la shule, nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Kila asubuhi naandika kwa herufi kubwa: leo ni siku gani, uko nyumbani Ujiji, ulipata ajali, mtumbwi anao mdogo wako, mchana tunakula nini. Akiuliza, namwambia kwa upole, "Tazama daftari, baba." Wiki za mwanzo nilimsomea mimi. Baadaye mkono wake ukawa unaifuata kamba wenyewe.

Kula kunahitaji macho yako yote. Wengi hupaliwa, na maji matupu au chai nyepesi hupita njia mbaya kwa urahisi kuliko uji mzito. Mwombe mtaalamu wa hospitali amwangalie anavyomeza kabla hujaamua chochote. Mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, ameze ndipo uongeze, na asiongeleshwe. Akimaliza akae nusu saa ndipo alale. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, nilikuwa nauchambua miba kwa vidole mpaka naridhika. Ugali wa muhogo niliuweka kando miezi miwili kwa sababu unanata kooni. Akikohoa kila anapokula, au sauti ikawa kama ina maji, au akapata homa, mrudishe hospitali.

Kama hawezi kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia, ukague makalio na visigino. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono uliolegea; bega hutoka.

Kifafa kinaweza kuja hata miezi baada ya jeraha. Kwetu kilikuja alfajiri. Jirani alikimbia na kijiko akitaka kumtenganisha meno, nikamzuia. Usimwekee kitu mdomoni wala usimkandamize. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Kikizidi dakika 5, au kikarudi kabla hajapata fahamu, tafuta usafiri wa hospitali. Povu haliambukizi, msiogope kumgusa. Na dawa za kifafa zisikatishwe ghafla eti ameonekana mzima.

Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi ambao haamshiki vizuri, udhaifu mpya, maji yasiyo na rangi yakitoka puani au sikioni: nenda hospitali siku hiyohiyo. Pombe hapana. Pikipiki hapana, mpaka daktari aseme.

Sasa kazi. Nilimnunulia vitabu vya watoto vya kuhesabu, akavisukuma pembeni. Siku moja mdogo wake alisahau kipande cha wavu uliochanika na sindano ya nyavu. Baba Zuhura aliuchukua, akaulaza pajani, akatafuta jicho lililokatika kwa kidole gumba. Fundo la kwanza likafyatuka. La pili pia. La tatu akalikaza kwa meno kama alivyozoea, likashika. Alishona macho manne, akalala saa mbili nzima. Mpe kazi ambayo mikono yake iliijua, dakika chache, asubuhi akiwa na nguvu, halafu mwache alale. Huo usingizi si uvivu.

Na wewe uwe na siku yako. Alhamisi mchana wifi yangu hukaa naye, mimi nakwenda kushona cherehani kwa jirani. Mwanzoni niliona kama namtoroka. Lakini nilikuwa nimefika mahali namfokea mgonjwa, na aliyekuwa ananituliza zamani ndiye huyo ninayemfokea. Zuhura naye nilimkalisha nikamwambia wazi: baba anakupenda, kichwa chake kinauma kwa ndani, akifoka njoo kwangu.

Kurasa za nyuma za daftari naandika alichoweza, kwa sababu siku kwa siku huoni kitu. Mwezi wa pili: amekwenda chooni kwa kushika ukuta. Mwezi wa tano: amefunga vifungo vya shati, kimoja kimeruka. Mwezi wa kumi na moja: ameenda dukani peke yake, amerudi na sukari nusu kilo, chenji imetimia.