Kipande kimoja kabla pasi haijaiva

Nashona kibarazani Mbuyuni, hapa Moshi. Asubuhi nikifika nawasha mkaa, naujaza kwenye pasi, nasubiri. Zamani muda huo niliumaliza kwenye simu. Siku hizi nashona kipande kimoja cha mabaki ya vitenge, upana wa kiganja. Pasi ikiiva naacha, hata kama kona moja bado iko wazi.

Ukitaka kuanza, usihangaike kutafuta muda. Angalia kitu unachokisubiri kila siku: chai ichemke, daladala ijae. Na vifaa viwe hapo hapo. Mabaki yangu yamo kwenye mfuko wa salfeti chini ya cherehani; yangekuwa nyumbani Pasua, nisingeshona hata kimoja.

Kinachochosha ni kuchagua. Kwa hiyo natumbukiza mkono bila kutazama, natoa vitambaa vitatu, kisha narusha dadu ya ludo. Moja: pembetatu tupu. Mbili: marufuku kukata, ni kukunja tu. Tatu: uzi ugombane na kitambaa. Nne: jirani muuza mboga ndiye anapanga (mama huyu na rangi ya njano, jamani!). Tano: lazima kiwemo kipande cha kanga chenye maandishi. Sita: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kama nilivyoiona asubuhi ile. Masika mlima hujifunika kutwa, basi nashona wingu. Ninayo mawingu 11.

Tano ndiyo hunichekesha. Juzi mkasi ulipita katikati ya "Wema hauozi", nikabakiwa na "hauozi" pembeni ya kitambaa cha kijani. Jirani akauliza ni mchicha wa wapi huo, auagize.

Hapa sifumui. Nguo ya mteja nitaifumua hata mara tatu, lakini hiki kikipinda kimepinda. Wala usikimbilie kuuza. Mteja mmoja alitaka foronya sita za hivi, nikakubali. Wiki mbili sikuigusa dadu.

Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, kila familia inataka sare, nalala saa nane. Mwezi huo mshono mmoja ulionyooka unatosha. Siku niliyokosa silipi. Ukianza kulipa vipande vinne kwa mkupuo, utauchukia mfuko.

Mwisho wa mwezi naviunga vyote kwa tarehe, vibaya na vizuri. Machi vilikuwa 19. Kimoja kina doa la kahawia, pasi niliisahau juu yake, na jirani anaapa hiyo ndiyo Kibo pekee iliyofanana.