Kuapdeti simu kwa bando: jinsi ya kusasisha mfumo bila Wi-Fi na bila kuliwa GB

Mama mmoja wa Mbagala alinifuata mezani kwangu Kariakoo, saa nne asubuhi, simu mkononi, sura ya mtu aliyechomolewa pochi kwenye daladala. Nikamwamkia, akaitika marahaba ya nusu mdomo. "Fundi, simu ilikuwa inadai apdeti kila siku. Jana nikanunua GB 3 kwenye laini ya baba watoto, akanirushia hotspoti, nikalala. Naamka bando hakuna, na apdeti yenyewe imesimama asilimia 62."

Sasisho lake lilikuwa la GB 1.3. Piga hesabu: asilimia 62 ya hiyo ni kama MB 800. GB 2.2 zilizobaki zimekwenda wapi? Tukafungua mipangilio, tukaingia kwenye matumizi ya data ya Wi-Fi, majibu yakawa pale pale. Programu ya picha ilikuwa imepandisha video za kitchen party zilizokuwa zikisubiri Wi-Fi tangu mwezi uliopita. Play Store nayo ikasasisha programu kumi na kitu. WhatsApp ikavuta video za magrupu matatu. Sasisho la mfumo lilikuwa mgeni mmoja tu kwenye hiyo shughuli, wengine wote walizamia.

Kwa hiyo mwongozo huu una hatua za kusasisha, lakini sehemu kubwa ni jinsi ya kuwafungia nje wazamiaji. Anayesema huwezi kuapdeti bila Wi-Fi anakudanganya. Unaweza, ila uende kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Jua ukubwa kabla ya kununua bando

Watu wengi wananunua bando kwanza, wanauliza baadaye. Geuza. Fungua Mipangilio, shuka hadi Mfumo, kisha Sasisho la mfumo. Kwenye Samsung hakuna haja ya kupitia Mfumo, sehemu ya sasisho la programu iko karibu na mwisho wa orodha. Tecno, Infinix na Xiaomi wana maneno yao, lakini ukiandika "sasisho" au "update" kwenye kisanduku cha kutafuta juu ya Mipangilio utafika tu.

Gusa kitufe cha kuangalia sasisho jipya. Kazi hiyo inakula data kidogo sana. Simu ikikuta sasisho itakuonyesha ukubwa wake kabla ya kuanza kupakua. Sasisho la usalama mara nyingi ni MB mia kadhaa. Toleo jipya kabisa la Android linaweza kufika GB 2, 3 au kupita hapo, na la iPhone likiwa toleo kubwa huzidi hata hizo. Andika namba uliyoiona, halafu ongeza nusu yake. Hiyo ndiyo saizi ya bando unayohitaji.

Simu ikisema mfumo wako ni wa kisasa, amini, funga, nenda zako. Kila wiki napata mtu mwenye simu ya miaka saba anayetaka "Android mpya". Kiwanda kikishaacha kuihudumia modeli yako, hata ukinunua GB 100 hakuna kitakachoshuka.

Hatua ya 2: Andaa simu

Chaji iwe juu ya nusu, na kama mtaani kwenu umeme unakatika hovyo, weka pawabenki karibu. Nafasi ya kuhifadhi iwe angalau mara mbili ya ukubwa wa sasisho, kwa sababu simu inapakua faili kisha inahitaji sehemu ya kulifungulia. Picha na namba muhimu zihamishie kwenye kompyuta au memori kadi kwa waya. Nasema kwa waya makusudi: ukisema ufanye bakapu ya mtandaoni sasa hivi, umeshaanza kula bando ambalo hujalinunua.

Na hakikisha unaikumbuka PIN au patani ya simu. Baada ya kuwaka upya haitakubali alama ya kidole peke yake. Nimeshawaona waliosahau.

Hatua ya 3: Chagua bando linalofaa

Bando la mitandao ya kijamii halifai. Limetengwa kwa ajili ya programu fulani tu, na sasisho la mfumo halimo. Chukua la intaneti ya kawaida. Mabando ya usiku ni mazuri kwa kazi hii kwa sababu unapata GB nyingi kwa pesa kidogo, na usiku mnara haujabanwa na watu. Soma saa zake kwenye menyu ya mtandao wako kabla ya kulipa. Bando la usiku linaisha kwa saa, hata kama GB zimebaki.

Kama simu yako ni ya laini mbili, ingia sehemu ya SIM uhakikishe laini yenye bando ndiyo iliyochaguliwa kwa data. Halafu tafuta kile kipengele kinachoruhusu simu kuhamia laini nyingine yenyewe mtandao ukidorora, kizime. Vinginevyo bando liko laini ya kwanza, na salio linaliwa laini ya pili.

Hatua ya 4: Jaribu moja kwa moja kwa data ya simu

Hii ndiyo njia ya kuanza nayo kwa sababu haina mambo mengi. Kwenye ukurasa ule wa sasisho, angalia kama kuna swichi inayosema "pakua kwa Wi-Fi pekee". Mara nyingi imejificha kwenye nukta tatu au alama ya gia juu kulia. Izime. Zima pia Kiokoa Data, maana kinaweza kuzuia upakuaji unaoendelea nyuma ya pazia.

Gusa kupakua. Simu ikikuuliza kama una uhakika wa kutumia data ya simu, kubali. Kaa sehemu yenye 4G ya kueleweka na utulie hapo. Kupakua GB 2 ukiwa ndani ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni ni kujitafutia presha, mtandao unaruka mnara kwa mnara.

Uzuri wa njia hii ni kwamba programu zako zinajua ziko kwenye data ya simu. Picha hazipandi na Play Store inatulia, ilimradi mipangilio yao ya kawaida hukuigusa.

Wenye iPhone mna sharti lenu. Kuanzia iPhone 12, ukiwa kwenye 5G unaweza kupakua sasisho la iOS bila Wi-Fi. Ingia Settings, kisha sehemu ya data ya simu, fungua chaguo zake, halafu Data Mode, uchague "Allow More Data on 5G". Dar tuna 5G tangu 2022 lakini si kila kona, kwa hiyo kama juu ya skrini hauoni 5G, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Hotspoti, na hapa ndipo pa kuwa makini

Simu ikigoma kabisa kupakua kwa data, unaidanganya kwa Wi-Fi ya simu nyingine. Simu yenye bando ndiyo itakayorusha, ile inayotaka sasisho itapokea.

Kwenye simu inayorusha, zima kwanza Kiokoa Data. Simu nyingi za Android hukataa kuwasha hotspoti kikiwa kimewaka, na hapo watu hufikiri simu mbovu. Washa hotspoti, weka nywila ya maana, na uangalie idadi ya vifaa vilivyojiunga. Ukiona viwili wakati umeruhusu kimoja, jirani yupo.

Sasa njoo kwenye simu inayopokea, na kabla hujaiunganisha, fanya haya:

Play Store: gusa picha yako juu kulia, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, kisha usasishaji wa programu wenyewe, chagua usifanyike. Programu ya picha: zima kuhifadhi nakala. WhatsApp: kwenye hifadhi na data, pale pa upakuaji wa midia ukiwa kwenye Wi-Fi, ondoa tiki zote za picha, sauti, video na nyaraka. Kama una TikTok au YouTube, usizifungue mpaka kazi iishe. Ni saa moja tu, hutakufa.

Unganisha sasa. Hapa kuna kitu ambacho hata mafundi wenzangu wengi hawakijui. Android ikipokea hotspoti kutoka Android nyingine, mara nyingi inagundua yenyewe kwamba hii si Wi-Fi ya ukutani, ni bando la mtu. Inauhesabu mtandao huo kuwa unapimwa (metered, yaani data yake ina kikomo), na inaweza kuendelea kugoma kupakua sasisho: "inasubiri Wi-Fi" wakati Wi-Fi unaiona imeshika. Gusa jina la mtandao huo kwenye orodha ya Wi-Fi, fungua maelezo yake, tafuta matumizi ya mtandao. Kuna chaguo tatu: igundue yenyewe, uhesabiwe unapimwa, au uhesabiwe haupimwi. Chagua haupimwi, rudi kwenye sasisho, utaona inaanza kutembea.

Lakini elewa ulichofanya. Umeiambia simu nzima kwamba intaneti hii ni ya bure. Kama hukuzifunga zile programu hapo juu, sasa hivi ndipo zinaamka zote kwa pamoja. Yule mama wa Mbagala aliletewa maujanja haya na kijana wa jirani, akabadilishiwa hiyo chaguo na kuachiwa mlango wazi.

Ikifika dakika tano, ingia kwenye matumizi ya data ya Wi-Fi uone nani anakula. Ukiona programu nyingine iko juu ya mfumo, izime papo hapo.

Hatua ya 6: Kompyuta, kama unayo au unaweza kuazima

Njia hii inafaa kama ofisini kuna intaneti ya kutosha lakini hawagawi nywila ya Wi-Fi, au kama simu ni iPhone ya zamani isiyo na 5G. Kwa iPhone, tumia waya na iTunes au programu ya Apple Devices kwenye Windows. Kwenye Mac zenye macOS Catalina (mfumo wa 2019) na kuendelea, kazi hii iko ndani ya Finder. Utaona vitufe viwili vimekaa karibu: Update na Restore. Bonyeza Update. Restore inafuta simu nzima, na nimeshamwona mtu akilia hapa mezani kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Samsung wana Smart Switch ya kompyuta, inaweza kusasisha simu kupitia waya. Kwenye Xiaomi, ukiwa na faili sahihi la modeli yako ndani ya simu, fungua ukurasa wa sasisho, gonga nembo kubwa ya toleo mara kumi, kisha kwenye nukta tatu utaona chaguo jipya la kuchagua faili mwenyewe. Simu za Pixel zinapokea faili la sasisho kutoka kwa Google kwa amri ya adb sideload, lakini kama neno hilo ni geni kwako, usijifunzie kwenye simu yenye namba za wateja wako.

Faili lichukue kwa kampuni iliyotengeneza simu. Likitumwa kwenye grupu la WhatsApp kwa jina la "Android Update", hilo ni la wezi. Sasisho la mfumo haliji kama APK (faili la kusakinisha programu) kwenye chati, na simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa zako za mtandaoni.

Kitu kingine: ukiunganisha kompyuta ya Windows kwenye hotspoti, nayo ina masasisho yake na ina njaa kuliko simu zote. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uuwekee alama ya kupimwa kabla ya kufanya chochote.

Hatua ya 7: Kusakinisha

Upakuaji ukiisha, zima data. Kuanzia hapa kwa simu ya Android kwa kawaida intaneti haihitajiki tena, iPhone ndiyo inayotaka kuwasiliana na Apple kwanza, kwa hiyo iachie mtandao.

Simu nyingi za Android za miaka hii zina sehemu mbili za mfumo, utaratibu ulioanza na Android 7 mwaka 2016. Sasisho linaandikwa kwenye sehemu ya pili wakati wewe unaendelea kupiga simu, kisha kuwasha upya kunachukua muda mfupi tu. Likigoma kuwaka, simu inarudi kwenye sehemu ya zamani. Simu zisizo na utaratibu huu zinakuonyesha skrini nyeusi yenye mstari unaosogea polepole, pengine dakika ishirini au zaidi. Hapo usishike kitufe cha kuzimia. Wateja wangu wengi wa "simu imeganda kwenye nembo" walikosa subira dakika ya kumi na tano.

Ikishawaka itapata joto na kula chaji kwa siku moja au mbili, inapanga programu upya. Kama siku ya nne bado inachemka, ilete.

Kisha rudi ukafungue ulivyofunga: nakala za picha, Play Store, Kiokoa Data. Na kwenye ile hotspoti ya baba watoto, rudisha chaguo la "igundue yenyewe", au futa mtandao huo kabisa, maana simu itaukumbuka na kesho akiwasha tena itaunganika kimya kimya ikidhani intaneti bado ni ya bure. Yule mama tulimaliza sasisho lake, zile MB 500 zilizokuwa zimebaki kupakuliwa, pale pale mezani, akasubiri kwenye benchi huku akifuta video za magrupu moja baada ya nyingine.