Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuutoa Wimbo Wako kwa Leseni: Kwa Mwanamuziki Anayeanza Bagamoyo

Mwanamuziki anayeanzia kazi yake Bagamoyo ana bahati ambayo wenzake wa miji mingi hawana. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ipo hapa tangu ilipoanzishwa kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Wapigaji wa ngoma, zeze na marimba wanapatikana kwa mwendo wa miguu. Na Dar es Salaam, zilipo kampuni nyingi za matangazo na za filamu, si mbali kwa basi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa jadi aliyefundisha hapa, alirekodi kwa lebo ya Real World ya Uingereza, kwa hiyo hakuna anayehitaji kushawishiwa kwamba sauti ya mji huu inaweza kusikika ng'ambo. Kinachowakwamisha vijana wengi wanaotaka nyimbo zao ziingie kwenye filamu, tamthilia na matangazo ni umiliki ambao haukuandikwa popote.

Mtu anayetaka kuutumia wimbo wako kwenye picha anahitaji ruhusa mbili, na ruhusa hizo ndizo leseni. Ya kwanza inahusu utunzi, yaani melodia na maneno; ya pili inahusu rekodi yenyewe, sauti ile iliyonaswa studio. Ruhusa hizi zinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti, na yeyote kati yao akikataa, mpango wote huvunjika. Anayechagua muziki wa filamu huwa na nyimbo nyingi mezani na siku chache za kumaliza kazi. Akikuta wimbo mzuri ambao hajui nani atautilia saini, anauacha na kuchukua unaofuata, wala hakuandikii kukueleza sababu. Ndiyo maana msanii mpya anayemiliki sehemu zote mbili, au aliyekubaliana kwa maandishi na wenzake kwamba yeye ndiye mwenye kusaini kwa niaba yao, anaweza kumtangulia msanii mwenye jina ambaye wimbo wake una wamiliki saba.

Jambo la kwanza kuliandaa, basi, ni karatasi ya mgawanyo, na mahali pa kuiandikia ni palepale studio. Fikiria kipindi cha kawaida cha kurekodi katika chumba chenye magodoro yaliyoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Prodyuza ametengeneza biti, wewe umeandika mashairi, rafiki aliyekusindikiza ametoa kiitikio ambacho kila mtu amekipenda, na mpiga zeze aliyeitwa kwa simu amepiga utangulizi, akapewa elfu thelathini mkononi na kuondoka zake. Watu wote hao wana neno la kudai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimlindi mtunzi peke yake. Inamlinda pia mwigizaji na mpigaji ala kwa ile kazi aliyoifanya, na elfu thelathini iliyotolewa bila maandishi haithibitishi kwamba mpiga zeze ameruhusu sauti yake iuze sabuni kwenye televisheni. Karatasi yenyewe haihitaji lugha ya mahakamani. Iandikwe jina la wimbo, majina ya wahusika kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, asilimia ya kila mmoja katika utunzi, asilimia ya kila mmoja katika rekodi, namba za simu, tarehe na sahihi, na kila upande ujumlishe mia moja. Kwa mpigaji aliyelipwa mara moja, iandikwe risiti inayotaja kwamba malipo yale yanahusu pia matumizi ya filamu na matangazo. Binafsi naona kwamba pale ambapo zeze ndilo linaloubeba wimbo, ni haki mpigaji apewe asilimia yake, hata kama yeye mwenyewe hakuomba. Wimbo ukishapata pesa ni vigumu sana kuzungumza jambo hili bila kuumizana.

Biti zilizopakuliwa mtandaoni zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Nyingi huuzwa kwa bei ndogo kwa masharti kwamba zinaweza kukodishwa kwa wasanii wengine pia, na masharti hayo mara nyingi hayaruhusu matumizi ya filamu au tangazo. Soma leseni uliyopewa uliponunua, na kama huna leseni yoyote, wimbo huo uache kwenye jukwaa la burudani. Vivyo hivyo kwa kipande kilichokatwa kutoka wimbo wa mtu mwingine, hata kiwe kifupi namna gani.

Kwa mji wetu kuna suala la ngoma za jadi. Kubuni wimbo mpya ulioathiriwa na mdundo wa Wazaramo au Wakwere si sawa na kurekodi ngoma ya kikundi kama ilivyo na kuiuza kama utunzi wako. Sheria hiyohiyo ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Uliza mapema, na kikundi ulichokirekodi ukiandike kwa jina lake. Wazee waliozitunza ngoma hizi wanastahili kutajwa kabla ya mtu yeyote kulipwa.

Kuhusu usajili, Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu mwaka 1994, hivyo hakimiliki yako huanza pale kazi inapokamilika na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki. Hata hivyo, andikisha kazi zako katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kwa sababu siku ya mgogoro ushahidi ndio unaosema. Kila rekodi iwe na namba yake ya utambulisho, ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12, ambayo kampuni zinazosambaza muziki mtandaoni kwa kawaida hukupatia.

Mafaili nayo yawe tayari kabla ya kuulizwa. Usitume wimbo kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, kwa maana hubanwa na kupoteza ubora. Weka faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, ikiwezekana lenye ubora wa biti (bit) 24 na kilohezi (kHz) 48, mahali pa kupakulia, kisha utume kiungo. Pamoja na wimbo kamili, mwombe prodyuza akupe toleo la ala tupu na faili la kila ala peke yake, na umwombe siku hiyohiyo ya kumaliza miksi, kwani kompyuta za studio hufutwa ili kupata nafasi. Ndani ya faili yaandikwe majina ya wamiliki, barua pepe na simu. Andika pia maneno yote ya wimbo na tafsiri yake kwa Kiingereza, na hapa usifanye haraka. Nyimbo zetu za pwani zimejaa mafumbo, na mwongozaji wa Nairobi au London hawezi kuweka chini ya picha ya harusi ubeti ambao kumbe unamsema mke mwenza. Fumbua kila fumbo kwa sentensi moja ya wazi.

Mkataba ukija, angalia mambo manne kabla ya bei: muda wa matumizi, nchi zinazohusika, vyombo vitakavyotumia wimbo, na kama leseni ni ya kipekee, yaani inayokuzuia kuutoa wimbo huo kwa mwingine. Usitie saini ya kipekee na maktaba mbili za muziki, yaani kampuni zinazotafutia nyimbo wateja wa filamu na matangazo, kwa wimbo mmoja. Kama msambazaji wako ameuweka wimbo kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe video zenye wimbo huo na kuzidai kwa niaba ya mmiliki, mjulishe mteja mapema, la sivyo tangazo alilolilipia litadaiwa na mfumo huo siku litakapotoka, na hatarudi kwako.

Namba ya mlipakodi kutoka TRA na akaunti ya benki inayopokea dola viwe tayari. Mirabaha, yaani malipo ya mmiliki kwa kazi yake kutumiwa, inayotoka Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 kwa mtu wa nchi isiyo na mkataba wa kodi nao, na Tanzania haina mkataba huo, kwa hiyo ihesabu unapopatana bei. Kwa kuanzia, watafute waongozaji chipukizi wa Dar es Salaam na wanafunzi wa filamu wa hapahapa TaSUBa, hata kwa malipo madogo, lakini kila mara kwa mkataba ulioandikwa, na uombe nakala ya orodha ya muziki uliotumika ikionyesha jina lako, jina la wimbo na sekunde ulizosikika, maana kwa orodha hiyo ndipo mirabaha ya kurushwa hewani hudaiwa baadaye.