Kuunga televisheni ya LEGO NES bila mkanda kukwama

Seti ya LEGO Nintendo Entertainment System, au NES (namba 71374, ya mwaka 2020), ni mfano wa vipande vya plastiki wa mashine ya zamani ya michezo ya video pamoja na televisheni yake. Ina vipande 2,646, na ugumu wake karibu wote umo ndani ya televisheni. Mashine yenyewe na katriji (kasha la mchezo linalochomekwa ndani yake) ni kazi nyepesi.

Picha kwenye skrini husogea kwa mkanda unaozungushwa kwa mpini wa pembeni, bila umeme. Kila kigae (kipande bapa) cha juu ya mkanda kigandamize kwa kidole gumba mpaka kilale bapa. Kilichoinuka hata kidogo hukwaruza fremu. Kabla ya kufunga nyuma, zungusha mkanda mzunguko mzima, taratibu, mara mbili. Ukikwama mahali palepale kila mara, kosa ni kigae. Ukiwa mzito muda wote, tazama ekseli (fimbo inayozungusha mkanda), huenda imebanwa mno na vipande vya pembeni. Vilegeze kwa nafasi ya unene wa karatasi, si zaidi, la sivyo gia zitaruka meno.

Vipande vya kijivu iliyokoza na vyeusi vitenganishe mchana. Chini ya taa ya njano hufanana. Na anayetaka kucheza mchezo wenyewe asijisumbue: hii ni ya kutazama.