Mwachie mwanafunzi chaki: namna ya kumwandaa aongoze kipindi cha riwaya aliyoisoma

Mwanafunzi anayesimama mbele ya wenzake na kuwasimulia riwaya tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho hajaongoza kipindi. Ametoa muhtasari tu. Walioisoma hawakupata jipya, na wasioisoma sasa hawana tena sababu ya kuisoma. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndivyo karibu kila mwanafunzi hufanya akiambiwa tu, "Wiki ijayo utatuletea riwaya yako." Hana kosa, maana hajaonyeshwa njia nyingine. Kazi yangu mimi mwalimu wa fasihi ni kumwonyesha njia hiyo kabla ya siku yenyewe, kisha kunyamaza siku ikifika.

Njia yenyewe ni swali. Kipindi kizima kinasimama juu ya swali moja ambalo mwanafunzi amelikuta ndani ya riwaya na bado linamsumbua, pamoja na ukurasa uliomletea swali hilo. Akiwa na hivyo viwili, mengine ni mpangilio tu. Akivikosa, hata awe msemaji namna gani, itafika dakika ya kumi akiwa amekwisha maneno.

Riwaya ya darasa zima, au kila mtu na yake?

Yote mawili yanawezekana. Wengi huogopa la pili: darasa litajadilije kitabu ambacho halijakisoma? Litajadili ukurasa. Mwanafunzi ananakili ukurasa mmoja, mmoja na nusu ukizidi sana, na kila wawili wanapata nakala yao. Anaeleza kwa dakika mbili nani ni nani na tumefika wapi katika hadithi, kisha darasa zima linafanyia kazi maneno yaliyo mbele yake. Mashine ya kunakili ikikosekana, aya moja ubaoni inatosha, na wanafunzi wainakili madaftarini kabla ya kipindi. Mijadala ya namna hii nimeiona ikichangamka kuliko ile ya kitabu teule, kwa kuwa hakuna aliyekariri majibu kutoka kwenye mwongozo.

Riwaya ikiwa moja kwa wote na ni nene, wanafunzi waiongoze kwa vikundi. Mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliitwa kusaidia shule za Austin, Texas, zilipoanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali madarasani. Walimpa kila mtoto kipande cha somo ambacho wenzake kikundini hawakuwa nacho, ikawa hakuna wa kulijua somo lote bila kuwasikiliza wengine. Mimi huigawa riwaya kwa mtindo huo, ila sigawi kwa sura, maana ukigawa kwa sura kila mtu atasoma zake tu. Mmoja anamfuata mhusika fulani katika kitabu kizima. Wa pili anafuata mahali: ni wapi panarudi, na panabadilikaje kila panaporudi. Wa tatu anamfuata msimulizi: anajua nini, anatuficha nini, lini anatuambia. Hapo wote watasoma kitabu chote, na bado kila mmoja atakuwa na lake la kuleta.

Kusoma mara mbili

Mara ya kwanza asome kwa raha zake, bila penseli. Mara ya pili awe na vipande vya karatasi vya kuweka kati ya kurasa, na aweke alama mahali pa aina tatu tu: alipojikuta amesimama akafikiri, alipokataa jambo alilofanya mhusika au alilosema msimulizi, na alipokuta kitu alichokwisha kukiona nyuma, iwe neno, kifaa, ndoto au hali ya hewa.

Jedwali la fani na maudhui silitaki katika hatua hii. Wanafunzi wetu wamezoeshwa kuanza nalo: dhamira tano, tamathali sita, wahusika na sifa zao. Ni chombo kizuri cha kupanga mambo ambayo mtu ameshayaona mwenyewe. Akianza nalo, anatafuta vitu vya kujazia visanduku, na riwaya iliyomfanya akeshe usiku inageuka orodha. Jedwali aje nalo baadaye, swali likishapatikana.

Swali

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote, na nakuomba nawe ufanye hivyo, mwalimu mwenzangu.

Mwanafunzi mmoja aliniletea swali hili: "Dhamira kuu ya riwaya hii ni nini?" Nikamuuliza ni ukurasa gani uliomfanya afunge kitabu kidogo na kutazama pembeni. Hakusita. Ni pale mama anapouza cherehani yake. Nikauliza kwa nini pale. Akasema, "Msimulizi huwa anatuambia moyoni mwa kila mtu mna nini, hata jirani. Pale kwa mama hasemi kitu. Anataja bei, basi." Swali lake lilikuwa limeshatoka kinywani mwake. Tuliliandika hivi: "Msimulizi anayejua mioyo ya watu wote, kwa nini ananyamaza mama anapouza cherehani?"

Tazama tofauti. Swali la kwanza lina jibu ambalo darasa limeshalisikia mara nyingi: umaskini, nafasi ya mwanamke. La pili linakulazimisha urudi kwenye maneno. Siku ya kipindi, mmoja alidai kwamba msimulizi alikuwa bado mtoto wakati ule na hakuelewa alichokiona. Mwingine alimpinga: mbona sura mbili nyuma mtoto huyohuyo ameeleza huzuni ya babu? Wa tatu, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akaonyesha kwamba baada ya ukurasa ule msimulizi hamwiti tena "mama", anasema "yeye". Walifika kwenye nafasi ya mwanamke, tena mbali kuliko jedwali lolote lingewafikisha, na walifika kwa miguu yao.

Swali likiletwa kwangu nalipima hivi. Linaweza kujibiwa bila kufungua kitabu? Kama ndiyo, tunalitupa. Kiongozi ana majibu mawili yanayopingana, na kila jibu lina mstari wa kulishikilia? Kama ana moja tu, atalisukuma darasa kuelekea jibu lake, na wenzake watalinusa mara moja. Na mtu aliyekwama sura ya nne anaweza kuchangia? Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu darasani daima wamo ambao hawajamaliza, na wasipopata mlango wa kuingilia watapiga soga.

Maswali ya "je, ungekuwa wewe ungefanyaje?" yanapendwa sana. Ninayaruhusu kwa dakika chache za mwisho tu. Yakitangulia, kila mtu anasimulia maisha yake na riwaya inasahaulika mezani.

Kikao kabla ya siku

Wiki moja kabla, robo saa, mimi na kiongozi au viongozi. Wananisomea ukurasa kwa sauti. Wananiuliza swali, nami nalijibu kama mwanafunzi mvivu: "Sijui." Kisha kama mjuaji: "Jibu ni hili, limekwisha." Lazima wawe na la kuwaambia watu hao wawili, kwa kuwa watakutana nao. Kwa mvivu: "Chagua sentensi moja hapa iliyokushangaza, utusomee." Kwa mjuaji: "Tuonyeshe mstari." Maneno haya mawili mafupi yameokoa vipindi vingi.

Lakini kabla ya mwanafunzi yeyote kuongoza, mwalimu aongoze kwanza kwa namna hiyohiyo, wazi, akieleza anachofanya. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakisoma maneno vizuri bila kuelewa walichokisoma. Waliwafundisha kupokezana nafasi ya mwalimu katika kazi nne: kufupisha, kuuliza, kufafanua palipo pagumu na kutabiri yajayo. Uelewa wao ulipanda. Mwalimu alianza kwa kuonyesha kazi hizo mwenyewe, kisha akajitoa kidogo kidogo kadiri wanafunzi walivyozishika. Ukijitoa ghafla, unamtupa mtoto majini.

Dakika 40 zinavyokwenda

Utangulizi dakika tatu. Ukurasa unasomwa kwa sauti mara mbili, na wasomaji wawe tofauti, maana sauti nyingine huleta maana nyingine. Swali linaandikwa ubaoni, neno kwa neno. Dakika nne kila mtu anaandika peke yake, hakuna anayezungumza. Dakika tano wawili wawili. Kisha mjadala wa wote, dakika 15 hadi 18. Zinazobaki ni za kuandika tena: kila mtu anaandika kama jibu lake limebadilika na ni neno la nani lililolibadilisha.

Zile dakika nne za kuandika kimya zisikatwe hata muda ukibana. Ndizo zinazompa mwenye haya kitu mkononi.

Kiongozi asitumie ubao kuandika majibu yake. Aandike ya wenzake, na achore mistari kati ya yanayofanana na yanayopingana. Mstari mmoja kutoka jibu la huyu kwenda la yule unafundisha zaidi ya hotuba.

Kimya

Jambo gumu kuliko yote kwa kiongozi kijana ni kuuliza kisha kusubiri. Kimya kinamtisha, anajijibu mwenyewe, na darasa linajifunza kwamba likinyamaza litasamehewa. Sisi walimu tuna tabia hiyo pia. Miaka ya 1970, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi nchini Marekani walisubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitolea kujibu.

Kwa swali zito la riwaya, sekunde tatu ni chache. Namwambia kiongozi ahesabu kimoyomoyo hadi kumi huku akitazama ukurasa wake, asiwatazame wenzake usoni. Tunalifanyia mazoezi katika kile kikao, mimi nikiwa darasa lililonyamaza. Mara ya kwanza sekunde kumi humwonekea kama saa nzima.

Na mwalimu je?

Kaa nyuma, pembeni, na daftari. Wanafunzi watakutazama kila wanapojibu ili waone kama wamepatia. Inamisha macho uandike. Usitikise kichwa, usitabasamu. Baada ya vipindi viwili vitatu wataacha kukutafuta na wataanza kuzungumza na aliye mbele yao.

Ninaingilia kwa mambo mawili tu. La kwanza ni kejeli dhidi ya mtu. Hapo nasimama mara moja. La pili ni kosa la wazi kuhusu kilichoandikwa, likianza kuubeba mjadala wote, mathalani darasa limeamini kwamba mhusika fulani amekufa ilhali yu hai. Hata hapo silisemi kosa hilo mwenyewe. Naandika namba ya ukurasa kwenye kikaratasi na kumpelekea kiongozi. Tafsiri ambayo mimi siikubali si kosa, na hiyo naiacha ipite ikutane na wenzake.

Kama riwaya ina mambo mazito, kifo cha mzazi, ukatili wa nyumbani, kubakwa, hayo yajulikane katika kikao, si siku ya kipindi. Ukurasa mwingine unaweza kuchaguliwa bila kuidhoofisha riwaya, na mwanafunzi anayeguswa nalo ajulishwe mapema, faraghani.

Wenye haya

Usimlazimishe mtu kusimama peke yake. Waongoze wawili: mmoja aulize, mwingine asikilize na kuandika ubaoni. Nimeona kwamba yule wa ubaoni mara nyingi ndiye anayeushika mjadala vizuri zaidi, na akipewa zamu ya pili huomba mwenyewe kuuliza. Maswali yawe kwenye kadi, moja kwa kila kadi. Na usianze na yule bingwa wa darasa. Akitangulia, wote watamwiga, na watakaoshindwa kumwiga watajiona hawafai. Anza na msomaji wa kawaida mwenye swali zuri.

Alama

Sitoi alama kwa ufasaha wa kuzungumza. Natoa kwa swali, kwa ukurasa uliochaguliwa, na kwa kusikiliza: je, kiongozi aliunganisha jibu la mmoja na la mwingine, au alisema tu "vizuri, nani mwingine?" Wasikilizaji nao wanapata alama, kwa ile aya yao ya mwisho. Jambo hili likitangazwa mapema, hakuna anayelala.

Kipindi kikiisha, swali, ukurasa na zile aya za darasa vinaingia katika faili lenye jina la riwaya. Mwanafunzi mwingine akiichagua riwaya hiyohiyo baadaye, napenda apewe faili alisome lote, kisha aambiwe alete swali ambalo halimo.