Kebo za hadidiski za IDE kwenye desktopu za zamani, jinsi ya kuchagua na kuseti

Hii ni ya wale wenye CPU za kabla SATA (kebo nyembamba za diski za siku hizi) haijashika, yaani zinazotumia IDE, ule muunganisho wa diski wa zamani wenye kebo pana bapa kama mkanda. Mtu akija analalamika diski inasoma taratibu au haionekani kabisa mi huwa naanza na kebo na jampa (kile kiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili nyuma ya diski kuiseti), diski yenyewe ni baadae.

Hatua ya 1. Zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa, alafu shika chuma cha kesi kwanza kabla hujagusa madabodi.

Hatua ya 2. Angalia aina ya kebo. Hapa ndo wengi wanachanganya, sababu konekta zote ni za pini 40 na zinafanana. Tofauti iko kwenye nyaya: kebo ya zamani ina nyaya 40 nene unazihesabu kwa macho, ya baadae ina 80 nyembamba sana na ukiipapasa ni laini. Zile 40 zilizoongezwa hazibebi data, ni ethi tupu, zimepita katikati ya nyaya za data ili zisiingiliane, kwaiyo diski ya ATA/66, ATA/100 au ATA/133 (namba ni spidi yake kwa MB kwa sekunde) ukiifunga na kebo ya nyaya 40 itawaka vizuri tu ila spidi inabanwa kwenye MB 33 kwa sekunde. Bayosi (programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows) nyingine zinakuandikia kabisa kwenye skrini kwamba kebo ya nyaya 80 haipo, na watu wanabonyeza F1 kila asubuhi maisha yanaendelea. Sidi romu ikiwa peke yake kwenye chaneli yake (soketi moja ya IDE ya madabodi na kebo yake), ya 40 inatosha.

Urefu usizidi inchi 18, kama sentimita 45 hivi. Zile ndefu za duara zinazouzwa kwa urembo achana nazo.

Hatua ya 3. Fuata rangi za konekta. Kwenye kebo ya 80, bluu inaingia madabodi, nyeusi ya mwishoni ni masta (diski ya kwanza kwenye kebo), kijivu ya katikati ni slevu (ya pili). Diski ikiwa moja weka kwenye nyeusi, usiweke katikati ukaacha mwisho unaning'inia maana mawimbi yanagonga pale yanarudi na kuvuruga data. Mstari mwekundu pembeni ya kebo ni upande wa pini 1, na kwenye diski nyingi upande huo unatazama plagi ya umeme. Pini ya 20 haipo na tundu lake limezibwa, kwaiyo ikikataa kuingia geuza, usilazimishe, pini zikipinda utanyoosha na pinseti mpaka uchoke.

Hatua ya 4. Jampa. Mchoro uko kwenye lebo ya diski: MA masta, SL slevu, CS kebo ndo inaamua. Kwenye kebo ya 80 weka zote mbili CS umemaliza, kwasababu konekta ya kijivu pini ya 28 imekatwa makusudi na diski inajijua yenyewe ni slevu. Kwenye kebo ya 40 usiitegemee CS, nyingi haziisapoti, seti MA na SL kwa mkono. Zote zikiwa MA moja itapotea au zisionekane zote. Western Digital nazo zina mambo yao, ikiwa peke yake toa jampa kabisa, MA yake ni pale ikiwa na mwenzake tu.

Hatua ya 5. Chomeka plagi ya umeme (njano ni volti 12, nyekundu 5), washa, ingia bayosi uone majina ya diski yametokea. Kama ni Windows XP na bado inajikokota, fungua Divaisi Meneja, nenda kwenye Praimari IDE Chaneli, tabu ya Advansi Setingi. Ukikuta PIO (njia ya taratibu ya kusoma diski, prosesa inabeba data yenyewe) jua ilishapata makosa mengi na kebo mbovu ikajishusha yenyewe, na haipandi tena hata ukibadilisha kebo, kwaiyo futa hiyo chaneli hapo hapo alafu ristati, XP itaitambua upya na kurudi kwenye DMA, ile njia ya haraka.